Nilimwita Mjomba Wangu Mwongo

Neno lenyewe nililitamka mara moja tu, baada ya swala ya isha, usiku wa kuamkia siku ambayo kwangu ilikuwa Idi na kwa mjomba ilikuwa siku ya 30 ya mfungo. Nililitamka mbele ya safu tatu za wanaume, na watoto waliokuwa wamejazana mlangoni wakitaka kujua kama kesho wavae nguo mpya au wangoje siku moja zaidi. Zaidi ya miaka 20 imepita. Wengi waliokuwa msikitini usiku ule wametangulia mbele ya haki, na mjomba naye katangulia. Neno langu sikulirudisha pale nilipolitoa. Aliponisamehe tulikuwa wawili tu, ufukweni, nyavu zikiwa katikati yetu, lakini tusi alikuwa amelipata hadharani. Kwa hiyo naandika.

Alikuwa kaka mkubwa wa mama yangu, mvuvi wa Tanga tangu utotoni, mwenye ngalawa moja na nyavu alizozishona kwa mkono wake. Shuleni aliishia darasa la nne. Chuoni alihitimu msahafu, kisha miaka mingi akawa anakaa jioni kwa shehe mmoja wa mtaani kusoma fikihi. Habari hii ya darsa niliijua juujuu tu, wala sikuwahi kumwuliza alisoma nini. Bahari aliisoma kwa mwezi: alijua bamvua itajaa lini na maji mafu yatakuja lini bila kutazama karatasi yoyote. Mwaka wa pepo aliuhesabu kama wazee wa pwani walivyouhesabu, kuanzia Nairuzi, kwa mafungu ya siku kumi kumi, na kila fungu likiitwa mwongo: miongo 36, na siku tano juu yake. Akitaja tuko mwongo wa ngapi, sisi watoto tulijua kama tutegemee kusi au kaskazi. Neno hilohilo, kwa herufi zilezile, ndilo nililokuja kumtupia usoni kwa maana yake nyingine.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, miaka yangu haijafika 30, na nilikuwa na redio ya mawimbi mafupi.

Msomaji wa pwani anaujua ugomvi wa mwezi tangu akiwa mtoto. Kwa asiyeujua nitaueleza kwa ufupi. Mwezi mwandamo huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44 hivi, na kwa kuwa hatuwezi kufunga nusu siku, Ramadhani huwa ya siku 29 au 30. Jioni ya siku ya 29 watu hutazama mbingu. Mtume aliamrisha tufunge kwa kuuona mwezi na tufungue kwa kuuona, na mawingu yakituzuia tukamilishe 30. Hadithi hiyo haina mpinzani. Ugomvi uko kwenye huko kuuona: nani auone, na wapi? Wako wanazuoni, na ni wengi katika madhehebu, wasemao ukionekana popote umeonekana kwa wote. Wako wengine, hasa katika madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, wasemao nchi zilizo mbalimbali kila moja ina mwandamo wake. Mtaani wa kwanza waliitwa watu wa mwezi wa Makka, na wa pili watu wa mwezi wa nchi. Unaweza kuwakuta wote ndani ya nyumba moja, na kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nilishika rai ya kwanza na naishika mpaka leo. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nimekuja kutubu juu ya mwezi.

Nilikuwa na hoja zangu, na nilizipenda mno. Makka na Tanga zinafuata saa moja. Ukichukua ramani ukashuka kutoka Makka moja kwa moja kuelekea kusini, utakuta Tanga karibu kwenye mstari uleule wa longitudo, tofauti haifiki nyuzi moja. Basi vipi mwezi uwe umeandama kule, hapa usiwe umeandama? Niliwachorea wadogo zangu ramani hiyo sakafuni kwa chaki. Mjomba alikuwepo akinywa kahawa. Alitazama, akasema ramani ni nzuri. Nilidhani nimemshinda.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia wakati wa kaskazi. Tanga jua halichwi baharini, linachwea bara, upande wa milima ya Usambara, na mwezi mchanga hutafutwa hukohuko juu ya minazi na mapaa. Ndiyo maana jioni ya siku ya 29 mjomba alibaki majini kwa makusudi. Ukiwa ngalawani nje ya ghuba unauona upeo wote wa magharibi bila ukuta wala mti wa kukuziba. Alifuturu kwa tende na maji humo humo chomboni, akakaa mpaka giza likashika, ndipo akarudi. Aliingia msikitini kikoi kikiwa bado kimelowa pindoni. Mimi nilikuwa nimekaa na redio yangu, na kabla ya isha ikatangazwa kwamba Saudia wamethibitisha mwezi. Kesho Idi.

Baada ya swala imamu aliuliza kama kuna mwenye habari. Nikasimama nikatoa habari ya redio. Akasimama mjomba. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile aliyoizoea kusemea na watu wa chomboni: "Jamaa, nimekaa majini mpaka usiku umeingia. Mbingu ilikuwa safi, hata wingu la kiganja halikuwepo. Mwezi haujaandama. Kesho tunafunga."

Nikasimama tena. Nilisema: "Mjomba mwongo. Mwezi umeandama, na anajua kuwa umeandama. Redio kaisikia kama tulivyoisikia sisi. Anawafungisha watu siku ya Idi kwa sababu anaona haya kuwaacha wazee wenzake."

Aliniangalia. Akasema, "Haya, mjomba," kama alivyokuwa akiniita siku zote, akainama kuchukua makubadhi yake, akatoka.

Katika maneno yale lililobeba dhambi ni *anajua*. Ningesema mjomba amekosea, ningekuwa nimesema jambo ninaloliamini, na yeye angekuwa na haki ya kunijibu. Ningesema rai yake ni dhaifu, wazee wangetikisa vichwa, mjadala ukaendelea mpaka usiku wa manane kama ilivyo kawaida yetu. Lakini nilisema anajua. Nilidai kwamba ndani ya kifua cha mtu yule mlikuwa na elimu ileile iliyo kifuani mwangu, ameiona, ameikubali, kisha ameifunika na kutoka na kauli nyingine mdomoni. Nani aliniambia? Mtu aliyesikia habari ya Makka hakukubali kwa kuisikia kwamba inamlazimu. Mjomba hakukanusha kwamba Saudia wametangaza. Alikanusha kwamba tangazo lile ni mwandamo wetu. Kwake yeye, mwezi ambao jicho la nchi hii halijauona, kwa nchi hii haujaandama. Alisema alichokiona na alichokiamini, neno kwa neno.

Na kile kipande cha mwisho, cha kuwaonea haya wazee, nilikitunga pale pale niliposimama. Ukishamwita mtu mwongo huna budi umtafutie sababu ya kusema uongo, maana hakuna anayedanganya bure. Usipoijua, utaizua.

Asubuhi mama alipika pilau. Alitupakulia mimi na wadogo zangu, akatumiminia sharubati, akakaa pembeni mikono mapajani. Nikamwuliza mbona hali. Akasema, "Kaka yangu amefunga." Mama hakuwa na rai yoyote juu ya mwezi. Miaka yote alifuata kilichotangazwa mtaani. Siku ile alifunga kwa sababu hakuweza kuweka tonge mdomoni na kaka yake kaitwa mwongo na mtoto aliyemzaa yeye. Nilikula pilau yangu yote. Nakumbuka nilikula yote.

Kesho yake ilikuwa Idi ya mjomba, na sikwenda kumpa mkono.

Madhara makubwa yalikuja pwani. Mvuvi anaishi kwa kauli. Wachuuzi wanaomngoja alfajiri huchukua samaki mali kauli na kulipa jioni, naye hukopa nyuzi na mbao za kuzibia chombo kwa kauli hiyohiyo. Mjomba akisema hawa ni wa usiku huu, walikuwa wa usiku huu, na mama ntilie hawakufunua hata mashavu ya samaki kutazama wekundu. Baada ya Idi ile vijana wa mnadani walimpokea kwa kejeli: "Mzee, hawa wameandama leo au jana?" Walicheka, kisha wakafunua mashavu. Mwanzo ilikuwa mzaha. Halafu wako wageni wasiojua mzaha ulianzia wapi, wao wakabaki na kufunua mashavu tu. Hili aliniambia binamu yangu, mtoto wake wa kwanza, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya bahari.

Shuleni nilikuwa na rafiki, mwalimu wa hisabati, Mpare na Msabato. Kila siku saa nne asubuhi tulikunywa chai meza moja. Yeye anaamini Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa akafa, akafufuka. Mimi naamini Isa bin Maryamu ni mtume wa Mungu, na kwamba hakusulubiwa. Haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Mmoja wetu amekosea, tena katika jambo ambalo ugomvi wa mwezi mbele yake ni mdogo sana. Miaka sita ya chai ile haikunipitikia hata siku moja kusema kwamba rafiki yangu anadanganya.

Nilimsimulia kisa cha msikitini nikitarajia anisifu. Aliniuliza swali moja: "Mjomba wako alipata nini?"

Nikamwambia sijui. Ndipo akanisimulia habari ya mababu zake katika imani, wala hakuificha aibu iliyomo. Huko Marekani walikuwepo wafuasi wa mhubiri William Miller waliosoma kitabu cha Danieli, wakapiga hesabu, wakaamini Yesu atarudi tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikafika, ikapita, jua likachomoza la tarehe 23. Watu walilia mpaka asubuhi. Wapo waliokuwa wameacha viazi shambani bila kuvuna, kwa kuwa hawakuona vitawafaa nini. Magazeti yaliwacheka na jirani wakawazomea. Kutokana na masalia ya watu wale ndipo lilipochipuka kanisa lake, lililoundwa rasmi mwaka 1863 na kufika milima ya Upare mwaka 1903. "Walikosea," rafiki yangu akasema. "Lakini mwongo angevuna viazi vyake."

Nilirudi nyumbani na viazi vile kichwani. Nikamwona mjomba ile siku ya 30, juani, katikati ya maji, mdomo umekauka, mji mzima nyuma yake unanukia pilau na ubani. Akifunga kwa nguvu ya nini? Kwa faida gani? Hakuwa imamu, hakuwa mjumbe wa kamati, na hao wazee niliodai anawaonea haya nusu yao walikula Idi pamoja na mimi. Kulipia imani kwa njaa hakuithibitishi kuwa ni sahihi. Wale wa mwaka 1844 walilipa na hesabu yao ilikuwa kosa. Lakini kunatosha kukujulisha kwamba mbele yako yupo mtu anayesema anachokiamini.

Nikajiuliza kwa nini nilimwita mwongo aliyetofautiana nami kwa siku moja, nikamwacha aliyetofautiana nami juu ya msalaba. Jibu lilinichukua muda. Rafiki yangu nilimkubalia kuwa mtu mwingine. Alilelewa kwingine, kasoma kitabu kingine, kwa hiyo nilitegemea awe na mawazo asiyonayo mtu wa kwetu. Mjomba sikumkubalia hivyo. Tuliswali safu moja, tulikula sinia moja, nikadhani basi na akili yetu ni moja. Alipofika mahali tofauti na nilipofika mimi, sikuweza kuona njia ya haki iliyomfikisha huko, nikaona hila tu. Naamini hiki ndicho kinachowafanya ndugu wa dini moja, Waislamu kwa Waislamu na Wakristo kwa Wakristo, waitane waongo upesi kuliko wanavyowaita watu wa dini nyingine.

Lugha nayo ilinitega, mimi mwalimu wake. Kwenye mtihani tunamwambia mtoto aandike kweli au si kweli, na mtoto akikosa tunampa sifuri bila kumwita mdanganyifu. Lakini mdomoni tunafupisha. Jambo lolote lisilokuwa, tunasema ni uongo. Mtu akileta habari ya kushangaza tunamkatiza, "Uongo!" na wala hatumtukani. Waarabu wa Hijazi wa zamani walikuwa na mazoea kama hayo. Neno lao la kusema uongo lilitumika pia kwa aliyekosea. Sahaba Ubada bin Samit alipoambiwa kwamba mtu mmoja, Abu Muhammad, anasema witri ni faradhi, alitumia neno hilo juu yake, na wanazuoni wakafafanua kwamba alikusudia amekosea, kwa kuwa mtu yule alitoa rai yake na hakuzua habari. Nilipolisoma hilo nilifurahi, nikadhani nimepata pa kujificha. Nitasema nami nilikusudia amekosea. Lakini Ubada hakuongeza kwamba anajua. Mimi niliongeza.

Shaabani ya mwaka uliofuata niliingia vitabuni kutafuta dalili za kuwamaliza watu wa mwezi wa nchi. Nasema kama ilivyokuwa: sikutafuta haki, nilitafuta silaha. Ndipo nikakutana na Kuraybu, katika Sahihi Muslim. Mama yake sahaba Ibn Abbas alimtuma Kuraybu kwenda Sham kwa Muawiya. Akiwa huko Ramadhani ikaandama, wakauona mwezi usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mfungo, Ibn Abbas akamwuliza waliuona lini. Akamjibu. Ibn Abbas akasema sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, kwa hiyo tutaendelea kufunga mpaka tukamilishe 30 au tuuone. Kuraybu akauliza, hautoshi mwandamo wa Muawiya na saumu yake? Ibn Abbas akasema hapana, hivyo ndivyo Mtume alivyotuamrisha.

Nilikaa na kitabu kile mapajani kwa muda mrefu. Rai ya mjomba ilikuwa na mguu, tena mguu wa Ibn Abbas. Wa upande wetu wana majibu yao juu ya hadithi hii na majibu hayo mimi nayaridhia. Lakini mtu niliyesema anajua na kuficha, kumbe alikuwa anajua nisichokijua.

Hapo pia nilikosea, na kosa hili la pili ni la siri zaidi. Nilianza kumwosha mjomba kwa kuwa dalili yake ni nzito, kana kwamba ingekuwa nyepesi basi ningekuwa na haki ya kumwita mwongo. Sivyo. Hata kama angekuwa hana hadithi, hana kitabu, amerithi tu kutoka kwa babu yake kwamba mwezi ni wa kuonwa na wenyewe, bado asingekuwa mwongo. Angekuwa mtu mwenye dalili dhaifu. Nguvu ya dalili ni habari ya jambo lenyewe. Uongo ni habari ya moyo na ulimi, kama vinakubaliana au vimeachana.

Hili Kurani yenyewe imeliweka wazi mahali ambapo nilipasoma mara nyingi bila kusimama. Mwanzo wa sura ya 63, Al-Munafiqun, wanafiki wanamjia Mtume wakishuhudia kwamba yeye ni Mtume wa Mungu. Walichokisema ni kweli, na aya inasema Mungu anajua kuwa ni kweli. Kisha inawaita waongo. Wamesema jambo la kweli na bado ni waongo, kwa sababu mioyoni mwao hawakuliamini. Mwalimu aliyekuwa akitufasiria aliendelea na aya ya pili, mimi nikabaki kwenye ya kwanza. Kama mtu anaweza kusema kweli akawa mwongo, basi anaweza kusema lisilo kweli akawa msema kweli. Na usiku ule, kati yangu na mjomba, ni nani aliyesema lisilokuwemo moyoni mwake? Mimi nilimjua mjomba tangu nikibebwa mgongoni. Nilimwona akirudi sokoni kwa miguu kumrudishia mchuuzi chenji iliyozidi. Kama mtu angenikamata nje ya msikiti akanishika mkono akaniuliza, "Wewe kwa hakika unaamini mjomba wako ni mwongo?" ningesema hapana. Nilijua hapana. Nilisema ndiyo.

Nilimwendea kabla Ramadhani haijaingia. Nilimkuta ufukweni chini ya mkungu akishona wavu. Shikamoo yangu aliipokea, akanisogezea gogo nikae. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba nimemsoma Kuraybu.

Akacheka kidogo. Akaniuliza kama namjua Iyas bin Muawiya. Nikamwambia simjui. Akanisimulia, mikono ikiendelea na wavu. Inasimuliwa kwamba watu wa Basra walitoka kutafuta mwezi, na pamoja nao alikuwepo Anas bin Malik, sahaba aliyemtumikia Mtume, naye umri wake umekaribia miaka 100. Anas akasema, "Nauona, ule pale." Watu wakatazama, hakuna aliyeuona. Iyas, aliyekuwa mtu wa akili nyingi, akamtazama mzee usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho. Akaupangusa kwa kidole, akaulaza mahali pake. Kisha akasema, "Sasa tuonyeshe mwezi." Anas akatazama, akasema hauoni.

"Iyas hakusema kitu kuhusu Anas," mjomba akasema. "Alipangusa unywele."

Nikanyamaza. Akaendelea: "Ungesema nimekosea ningekujibu. Kuraybu nilikuwa naye mdomoni usiku ule, shehe wangu alinisomesha nikiwa na miaka 17. Ungenijibu nawe, tungekesha. Lakini ulisema mimi mwongo. Mwongo anajibu kwa nini? Kila atakachokitoa ni uongo mwingine."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani nimemshinda kwa hoja, kumbe nilimnyima mahali pa kuweka hoja yake. Alinisamehe kwa maneno mafupi, akanipa changu wawili nimpelekee mama.

Nilimwahidi nitasimama msikitini nilirudishe neno. Alisema, "Ukitaka." Ramadhani ile ikapita sikusimama. Ikaja nyingine, sikusimama. Nilikuwa na sababu, na nitaitaja kama ilivyo: nilichelea watu wa upande wangu waseme nimehamia mwezi wa nchi. Nilijua mjomba si mwongo, nilikuwa na ushahidi kutoka kinywani mwake na kutoka vitabuni, na nikakificha ninachokijua kwa kuwaonea haya wenzangu. Kila nililomsingizia yeye usiku ule, nimelitenda mimi, miaka miwili, kwa kunyamaza. Mjomba alifariki wakati wa kusi. Nilisimama safu ya mbele kwenye jeneza lake, na hata pale, maiti akiwa mbele yetu na imamu ameuliza kama kuna mwenye kudaiana naye, sikufungua mdomo.

Waongo wa dini wapo. Yupo anayesema ameoteshwa na hakuota chochote, yupo anayeuza maji ya bomba kwa wagonjwa akijua ni ya bomba, yupo anayelipwa ashuhudie mwezi ambao hakuutazama. Hao jina lao ni hilo na wanastahili kuitwa kwalo. Tukilitapanya kwa kila aliyetofautiana nasi, siku tutakapomkabili mwongo wa kweli hatutakuwa na neno la kumwitia.

Mimi bado nafunga na kufungua kwa mwezi wa Makka. Binamu yangu, yule mtoto wa kwanza wa mjomba, anafuata wa nchi. Mwaka ambao siku zetu zinapishana, anafunga 30 na mimi nakwenda kwake jioni na futari.

Kama ulikuwepo msikitini usiku ule, au baba yako alikuwepo akakusimulia kwamba mwalimu fulani alimwumbua mjomba wake kwa kuwadanganya Waislamu, nakuomba uisahihishe habari hiyo hapo ilipo. Ukiwa pwani ukasikia mtu anarudia mzaha wa samaki walioandama jana, mwambie ulitokana na nani. Mzee yule alikaa majini mpaka giza likaingia, akatazama, hakuona mwezi, akaja akasema hakuona. Aliyesema uongo msikitini usiku ule ni mimi.